Akiba haifiki nusu ya bei: nimchukue mtoto wa pointa wa mtandaoni au jike wa kituoni?

*"Mwalimu, shikamoo. Kibali cha kuwinda ndege ninacho, bunduki ninayo, mbwa ndiye sina. Nimeweka akiba miezi minane na bado haifiki nusu ya bei wanayotaja wafugaji. Sasa nina njia mbili. Kuna mtu anauza mtandaoni watoto wa pointa, yule mbwa wa kuwindia anayeganda kuonyesha ndege alipojificha. Wana wiki sita, na bei yake ni theluthi ya bei ya kawaida. Anasema wana cheti cha ukoo, amenitumia video wakinyoosha mkao wa kuonyesha ndege, na anataka nitume nusu ya fedha leo kwa kuwa wamebaki wawili tu. Njia ya pili ni jike aliyeko kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Wanakadiria ana miaka miwili, mwembamba, ana mabaka ya kahawia, anafanana na pointa lakini hakuna ajuaye kwa hakika. Mke wangu anasema mbwa wa kituoni wana matatizo ya akili. Rafiki yangu mwindaji anasema mbwa asiyeanza utotoni hafundishiki tena, samaki mkunje angali mbichi, na kwamba nikienda kumwona yule jike nigonge sufuria karibu na masikio yake, akikimbia nimwache. Nifanyeje? Sitaki kupoteza akiba yangu, wala sitaki kumtesa mnyama."*

Marahaba. Fedha usitume. Nalitanguliza hilo kwa sababu umeandika neno "leo", na katika biashara ya mbwa anayekuharakisha ndiye wa kumkimbia. Mengine tutayazungumza taratibu.

Ukiweka bei kando, unachoniuliza ni hiki: kwa akiba ndogo niliyo nayo, nipate mbwa gani ambaye nitakuwa na hakika naye? Mtoto wa wiki sita hana cha kukuonyesha. Pua yake, mbio zake, nyonga zake na moyo wake bado havijajulikana. Anayelipa bei kubwa kwa mfugaji wa maana analipia wazazi waliopigwa eksirei ya nyonga, wazazi walioonekana wakifanya kazi porini, na wiki nane za malezi bora. Bei hushuka hadi theluthi pale mambo hayo yanaporukwa, na ukishayaruka unabaki unacheza kamari. Mbwa wa miaka miwili yeye amekwisha kuwa alivyo. Huenda ni mbovu, lakini ubovu wake unaonekana, na kumtazama hakuna malipo. Ndiyo maana kwa mfuko kama wako mimi huanza na mbwa aliyekua, kisha ndiyo niwafikirie watoto.

Tumalizane kwanza na huyo muuzaji. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafugaji wazuri wa mbwa wa kuwindia aghalabu watoto wao wameshawekewa ahadi kabla hata mama hajazaa, na wao ndio wanaokuhoji wewe: unaishi wapi, unawinda nini, mbwa atalala wapi. Huyu hajakuuliza lolote ila fedha. Utapeli wa aina hii umezoeleka: picha zimeokotwa kwingine, malipo ya awali yanaombwa, kisha inakuja gharama ya usafiri, kisha ya kreti, kisha simu haipatikani. Mwombe mpige simu ya video, akuonyeshe watoto wakinyonya kwa mama yao, na aweke kando yao karatasi yenye jina lako. Akiwa mkweli ni kazi ya dakika tano. Akianza visingizio, umepata jibu.

Kuhusu ile video ya watoto "wakionyesha ndege", nadhani nimeshaiona mamia ya mara. Unachukua ubawa, unaufunga kwenye uzi mwembamba wa kuvulia samaki, unauchezesha mbele ya kitoto. Kinaganda, mguu mmoja juu, mkia umenyooka. Kinapendeza, sikatai. Lakini hapo mtoto anawinda kwa macho. Mbwa wa kuonyesha kazi yake ni kuganda kwa harufu, ndege akiwa amejificha ndani ya majani, hamwoni yeye wala humwoni wewe. Watoto wengi wa mbwa, hata wasio pointa, watagandia ubawa kwa namna fulani, kwa kuwa ule mkao ni hatua ya kunyatia ambayo kila mbwa anayo kidogo. Wafugaji waliirefusha tu kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Video hiyo isikupandishe bei hata kidogo.

Wiki sita nazo zinanisumbua. Nchi kadhaa zimekataza kuuza mtoto wa mbwa kabla ya wiki nane, na sababu ipo. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili mbwa anajifunza dunia ni kitu gani, na sehemu ya somo hilo hufundishwa na mama na ndugu zake. Akimng'ata nduguye kwa nguvu, mchezo unakatika, na hapo ndipo anapojifunza kupima nguvu ya taya. Mbwa wa kuokota ndege anahitaji mdomo laini, usiomponda ndege. Kwa nini umwondoe darasani mapema?

Cheti cha ukoo kinakwambia babu yake ni nani. Hakikwambii kama babu huyo alikuwa na pua, wala kama nyonga zake zilikuwa nzima. Na ndani ya aina moja kuna koo mbili zilizoachana: katika aina za mbwa wa kuwindia kama Labrador, spanieli na seta, wale wa maonyesho ya urembo wamekuwa tofauti sana na wenzao wa kazi, ingawa kwenye karatasi jina la aina ni lile lile. Cheti chenye matokeo ya mashindano ya uwindaji kwa wazazi kina uzito. Cheti kitupu ni cheti cha kuzaliwa.

Sasa nikueleze kwa nini mtoto wa bei ya kutupa anaweza kuwa ghali kuliko mtoto wa bei ya juu. Nilipokuwa kijana nilinunua mmoja hivyo hivyo, dume mweusi mwenye kifua cheupe, kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba ameshachanjwa. Siku ya kwanza alikula, akacheza na kiatu changu. Siku ya nne alilala kutwa nzima. Ya tano akatapika povu la njano, usiku akaharisha damu, na harufu yake mpaka leo naijua nikiingia tu kwenye chumba. Siku ya saba nikamzika. Fedha za daktari zilikuwa zimeshapita bei niliyomnunulia, mara kadhaa.

Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, na muuzaji inawezekana hata hakudanganya. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kwenye dang'a, maziwa ya mwanzo, ndani ya siku moja hivi ya kuzaliwa. Kinga hiyo ya mama inamlinda, lakini inafanya jambo jingine: ikiwa bado na nguvu mwilini, inaiua chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Inashuka polepole, na kila mtoto kwa kasi yake, hata ndugu wa tumbo moja hawalingani. Kwa hiyo kuna siku kadhaa ambapo kinga ya mama imepungua kiasi cha kutoweza kuzuia ugonjwa, lakini bado inatosha kuzuia chanjo. Hilo ndilo pengo. Ndiyo sababu madaktari wanaanza chanjo kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kuirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mtoto afikishe wiki kumi na sita au zaidi. Wanaotaja "ameshachanjwa" kwa mtoto wa wiki sita wanazungumzia sindano moja ambayo huenda haikufanya kazi.

Kirusi chenyewe kinahitaji kwa kawaida siku tatu hadi saba kabla ya dalili kutokea, ndiyo maana siku ya kununua kitoto kinarukaruka. Na hakifi kwa sabuni. Kwenye udongo kinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Ukija kununua mtoto kwa mtu, uliza kama kuna aliyekufa hapo kwa kuharisha damu mwaka huu, na utazame uso wake anapojibu. Na wewe kama uliwahi kupoteza mbwa hivyo nyumbani kwako, usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo. Lete mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumtazama yule jike.

Tuje kwa rafiki yako na samaki wake. Samaki mkunje angali mbichi ni methali nzuri ya kulea watoto wa watu. Kwa mbwa ina ukweli nusu. Kile kipindi cha wiki tatu hadi kumi na mbili hakirudi, na mbwa aliyekipitisha amefungiwa bandani asione mtu wala kitu anaweza kubaki mwoga maisha yake yote. Huo ni upande wa kweli. Lakini kufundishika hakufungwi na umri. Mbwa wa miaka miwili anaweza kutulia kwa dakika kumi na tano mfululizo, jambo ambalo mtoto wa miezi mitatu hawezi hata ukimpa dhahabu. Mimi jike wa miaka minne nimemfundisha filimbi ndani ya wiki tatu. Tamaa ya kutafuta harufu, ambayo ndiyo mtaji wa mbwa wa kuwindia, haifundishwi: mbwa anayo au hana. Unachofundisha ni adabu juu ya tamaa hiyo, na adabu haina umri.

Na hilo sufuria, tafadhali uliache jikoni. Najua ushauri huo umetoka wapi, ni wa zamani, na umeharibu mbwa wengi kuliko uliowafichua. Hofu ya mlio ina mizizi miwili. Kuna koo ambazo watoto wao huzaliwa wepesi wa kushtuka. Lakini wengi wa mbwa wanaokimbia bunduki wametengenezwa na watu. Ubongo wa mbwa hufunga fundo kati ya sauti na kilichokuwa kikitokea wakati ile sauti inalia. Mlio ukija akiwa anamfukuza ndege, kwa mbali, unakuwa habari njema: mlio maana yake ndege. Mlio huo huo ukija ghafla sikioni, akiwa kwenye kamba, mahali pageni, mbele ya mtu asiyemjua, unakuwa ishara ya hatari, na fundo hilo kulifungua ni kazi ya miezi, wakati mwingine halifunguki. Sufuria la rafiki yako lingekutengenezea kasoro ile ile uliyokuwa ukiitafuta, kisha ungeenda nyumbani ukisema "nilijua."

Badala yake chukua rundo la funguo. Mwache jike anuse majani, ashughulike, nawe ukiwa hatua sita au saba kutoka kwake uangushe funguo chini kama kwa bahati mbaya. Kushtuka si kosa, hata wewe ungeshtuka. Hesabu muda anaochukua kurudia shughuli yake. Akigeuka, akatazama, pengine akaja kunusa zile funguo ndani ya sekunde chache, huyo ana moyo. Akijikunyata, mkia tumboni, akakataa kusogea dakika nzima, hapo uniandikie tena kabla ya kuamua, kwa maana huenda ni mahali penyewe panamtisha na siku nyingine akawa tofauti.

Mke wako naye tusimpuuze. Ni kweli wapo mbwa wa kituoni walioumizwa, na wapo walioletwa kwa sababu walimng'ata mtu. Uliza waziwazi: nani alimleta, kwa nini, amewahi kung'ata, ameishi na watoto, amewahi kurudishwa? Wengi, hata hivyo, wamefika pale kwa sababu mwenye nyumba alihama, au mbwa alikuwa na nguvu kuliko uani palivyoweza kubeba. Nimesoma fomu nyingi za vituo. "Anakimbiza kila kiendacho." "Anachimba chini ya uzio." "Hatulii." Familia ya mjini inasoma kero, mimi nasoma mbwa asiye na kazi. Na msimu wa kuwinda ukiisha, vituo hujaa zaidi. Hispania kwa mfano, galgo, mbwa wembamba wa mbio wanaowinda sungura, hutelekezwa kwa wingi kila mwaka baada ya msimu kufungwa, kuanzia mwishoni mwa Januari. Mtu anayetafuta mbwa kwa fedha kidogo, majuma baada ya msimu ndiyo wakati wake. Wawindaji nao hupunguza mbwa wakati huo kuliko kuwalisha bure mpaka msimu ujao.

(Galgo lakini hatakufaa wewe. Anawinda kwa macho na miguu, ndege aliyejificha hamhusu. Kwa ndege unataka pua: pointa, seta, spanieli, Labrador, au mchanganyiko wao. Na usitekwe na pointa kwa kuwa ni mrembo. Kama unawinda kwenye vichaka vizito kwa miguu, spanieli chotara anayefurusha ndege ndani ya hatua thelathini kutoka kwako atakuletea zaidi.)

Basi nenda ukamwone jike, na uende mara mbili, siku tofauti. Omba umtoe nje ya banda, mbali na kelele za wenzake, umpeleke kwenye majani ukiwa na kamba ndefu, mita kumi hivi. Dakika kumi za kwanza usimhukumu; atakojoa, atavuta, atahema. Kisha simama mahali upepo unapokupiga usoni na umwache. Mbwa mwenye pua utamsikia kabla hujamwona: pumzi inabadilika, kutoka kuhema kwa mdomo kuwa mapigo mafupi ya puani, kama matano kwa sekunde. Ndani ya pua yake hewa inagawanyika, sehemu inakwenda mapafuni na sehemu inapelekwa nyuma kwenye vyumba vya harufu, penye chembe za kunusa mamia ya milioni. Sisi tunazo kama milioni sita. Pumzi ya kutoka inapitia mipasuko ya pembeni ili isiipeperushe harufu iliyo mbele. Mbwa anaponusa kwa bidii hufunga mdomo.

Tazama shingo. Akinusa mita mbili kisha akainua kichwa kukuomba umchezeshe, huyo ni wa nyumbani, na si aibu. Akiishika harufu, akageuka ghafla kama aliyeitwa jina, akaifuata upande upande kwenye upepo, mkia ukiongeza kasi kadiri anavyokaribia, umempata mfanyakazi. Wakati mmoja nilimwona jike chotara, manyoya yamejaa vitanzi vya matope, akaganda mbele ya kichaka kisichonifika magotini. Mlinzi wa kituo akacheka, akasema hapo hapana kitu. Tukasubiri. Kware wawili waliruka kutoka karibu na kiatu chake.

Kitu cha pili ni kama anakukumbuka. Kila baada ya muda, je, anageuka kukutazama uko wapi? Mbwa mwenye pua ya ajabu asiyegeuka kabisa atakupa misimu miwili ya kupiga filimbi na kulaani. Mrushie pia kitambaa kilichokunjwa, uone kama anakiokota na anakileta wapi. Asipoleta si mwisho wa dunia.

Mwili uukague kwa mikono yako. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, fikiria kupe na magonjwa yao ya damu, au minyoo. Masikio yasinuke. Mwache akimbie mbele yako kwa mwendo wa kati: miguu ya nyuma ikiruka pamoja kama ya sungura, au akikaa kwa kuegemea upande mmoja, nyonga zina shaka. Ugonjwa wa nyonga hurithiwa kupitia jeni nyingi kwa pamoja, hivyo hata wazazi wazima wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa, na eksirei ya wazazi hupunguza hatari bila kuiondoa. Hapa tena mbwa mkubwa anakushindia: yeye mwenyewe anaweza kupigwa eksirei, na kwenye miaka miwili picha inasema kweli. Kabla ya kutia sahihi, lipia picha hiyo. Ikiwa fedha inatosha uchunguzi mmoja tu, chagua huo.

Kihasibu sasa. Bei ya kununua unailipa mara moja, chakula unakilipa kila siku kwa miaka kumi hadi kumi na minne. Chukua gharama ya chakula cha mwezi, zidisha kwa 12, kisha kwa 12 tena, utaona bei ya mbwa ilivyo ndogo kando ya hiyo. Vituo vingi huwatoa mbwa wakiwa wamechanjwa, wamepewa dawa ya minyoo na wamehasiwa, gharama ambazo kwa mtoto wa mtandaoni zingekuangukia wewe. (Waliohasiwa wanawinda vizuri tu. Pua haiko huko.) Na usimnenepeshe ukidhani ndiyo kumpenda. Kuna utafiti wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2002 kwa Labrador 48: waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Upande wa pili wapo wanaomlaza njaa mbwa ili awinde kwa uchu. Mbwa mwenye njaa anachoka mapema na anakula ndege wako. Mbavu zihisike kwa vidole, zisihesabike kwa macho.

Kama jike huyo hatafaa, usirudi mtandaoni kwenye matangazo. Zungumza na watu wanaofundisha mbwa kwa mashindano. Mara kwa mara wanakuwa na mbwa wa mwaka mmoja au miwili "aliyeshindwa": hakimbii mbali vya kutosha, au anamtazama sana bwana wake. Kwao ni hasara. Kwa mwindaji wa miguu anayeanza ndiye mbwa wa kuombea, naye amekwisha kufundishwa nusu. Wapo pia wawindaji wazee wanaoacha, wenye mbwa wa miaka sita au saba wanaotafutiwa mikono mizuri kuliko fedha. Mbwa kama huyo atakupa misimu mitatu, na katika misimu hiyo mwanafunzi utakuwa wewe. Kuna mimba zisizopangwa kati ya wazazi wawili wa kazi, chotara wasio na cheti ambao bei yao ni ndogo na damu yao ni nzuri. Ukiwaona mama na baba wote wakifanya kazi, hapo nitakuruhusu mtoto. Mfugaji mzuri ukimwandikia kwa heshima, ukamwambia kiasi ulicho nacho, anaweza kukukubalia kulipa kidogo kidogo au kukupa mbwa aliyerudishwa kwake. Nimeona mtu akilipa kwa kusafisha mabanda miezi mitatu, na alichojifunza pale kilimfaa kuliko mbwa mwenyewe.

Kituoni sema ukweli kwamba unawinda. Baadhi yao hawatoi mbwa kwa kazi hiyo na wameandika hivyo kwenye mkataba; ukificha, wanaweza kumchukua mbwa. Wengine watafurahi, hasa ukiwaambia atalala wapi na kwamba nje ya msimu atatembezwa kila siku. Soma tena na kibali chako, kwa sababu kibali cha kuwinda na ruhusa ya kutumia mbwa ni mambo mawili. Uingereza na Wales, kwa mfano, sheria ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwinda wanyama wengi wa pori kwa mbwa, lakini mbwa wa kufurusha na kuokota ndege wanaendelea na kazi.

Ukimleta nyumbani, wiki ya kwanza usimpeleke porini. Watu wa vituo wana kipimo chao cha siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku tatu za butwaa, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu kabla hujaona mbwa halisi. Si sheria, ila inasaidia kutulia. Mlio wa bunduki uje mwisho kabisa. Msaidizi asimame hatua mia, apige makofi wakati jike anakula au anafukuza ndege, na kwa wiki kadhaa mpunguze umbali, kisha ndiyo mwanze upya, mkiwa mbali, kwa mlio ulio mdogo kuliko wa bunduki yako. Akiacha kula hata mara moja, mmekwenda haraka, rudini nyuma.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatayamaliza. Daktari wa mifugo amwone kabla ya malipo, au ndani ya saa 48, apime damu kwa magonjwa ya kupe na athibitishe chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama historia haijulikani, achanjwe upya. Mtoto wa mbwa anayetapika na kukataa chakula apelekwe siku hiyo hiyo, kesho huwa ni mbali. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali bila kungoja kuona mbwa ataendaje, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemewa. Na akikunguruma juu ya chakula au akiwakodolea watoto jicho kali, mtafute mkufunzi aje nyumbani, amwone kwa macho yake. Usijaribu kumshinda kwa fimbo.

Nenda asubuhi, majani yakiwa bado na umande, harufu inakaa chini vizuri. Beba kamba, funguo na kitambaa. Mchukue na mke wako. Kisha niandikie mambo mawili tu: alichukua muda gani kurudi kwenye majani baada ya funguo kuanguka, na alipoishika harufu, mkia ulifanya nini.